Magunia Sita ya Pascuala

Harufu ilimpokea Pascuala kabla hajafika mlangoni. Ilikuwa kali, tamu kidogo, ya kukaba koo. Kuta za mbao zilikuwa zimelowa, na mlangoni mtu alikuwa ameandika namba kwa chaki.

"Mama, nani kaja hapa?"

Mama mkwe wake, Eulalia, alikuwa ameketi upenuni akichambua maharage. "Watu wa afya, wale wa mabomba mgongoni. Wamepulizia kijiji kizima, mbu wafe. Nimewapa uji wa mahindi, wameshukuru mpaka basi."

"Na magunia?"

"Yamefanya nini magunia?"

Pascuala akaingia ndani. Magunia sita ya kahawa yalikuwa palepale pembeni ya kitanda. Mvua ilikuwa haijakatika wiki nzima, na hapakuwa na pakavu kuliko chumba cha kulala. Hayakuwa na doa. Aliweka kiganja juu ya gunia la kwanza, akakitoa kikiwa na unyevu. Akakinusa, kisha akakifuta kwenye sketi haraka, kama aliyeshika kitu cha watu.

Kahawa ile ilikuwa ya kilimo hai. Mwaka mzima alipalilia kwa panga, akabeba mboji mgongoni, akaokota moja moja matunda yaliyotobolewa na wadudu, kwa kuwa ushirika ulikataza hata tone la dawa. Kahawa ya kaya arobaini huchanganywa pamoja, ikavushwa bahari ikawa espreso, ile nyeusi ya vikombe vidogo. Huko hupimwa kwanza. Miaka mitatu nyuma, kahawa ya ushirika wa bonde la pili ilikutwa na sumu, na haikujulikana ilitoka gunia la nani. Wakafungiwa soko wote. Sasa bonde lile lina milango mingi iliyopigiliwa misumari, wenyewe wamehama.

"Lori linakuja mchana huu," alisema.

"Lije. Wamepulizia kuta, hawakupulizia kahawa."

"Gunia linapitisha, mama."

"Wewe nawe! Ukisema, tutakula nini mpaka mwakani? Utatuchemshia huo ukweli wako kwa chumvi?" Eulalia akaacha maharage. Sauti ikamshuka. "Homa ilimchukua mwanangu mdogo humo humo chumbani. Wale watu ningewafukuzaje?"

Pascuala akatoka, akasimama upenuni kusubiri lori.

Lori lilipanda taratibu, matope yakiruka. Mbele alikaa Fidencio, mkaguzi wa ushirika, na daftari lake magotini. Nyuma, chini ya turubai, majirani watano walikuwa wamekalia magunia yao.

"Shemeji Pascuala!" Fidencio aliita. "Toa kahawa, au umeinywa yote?"

Majirani wakacheka, kicheko kifupi kilichokatika ghafla.

"Haya, swali la kila siku. Imekutana na dawa yoyote?"

Alihisi macho ya Eulalia mgongoni mwake bila kugeuka.

"Ndiyo," alisema, sauti ikitoka ndogo. "Leo asubuhi. Nyumba imepuliziwa, magunia yamo ndani."

Kalamu ikasimama. "Nyumba yako tu?"

"Kijiji kizima."

Fidencio akawageukia waliokaa nyuma. "Nyie mbona mmeniambia hapana?"

Mvua ilipiga turubai. Braulio, wa nyumba ya tatu, alitazama vidole vya miguu yake. Aliyejibu ni Nicolasa, ambaye jana tu alikuja kuomba chumvi.

"Kwetu walituruka, hawakupulizia."

"Na kwetu," alisema Braulio.

"Na kwetu."

Walisema hivyo mmoja baada ya mwingine, bila haraka, mpaka wa tano. Namba za chaki zilionekana kwenye kila mlango wa barabara ile, na Fidencio alikuwa amezipita zote. Alizitazama sasa. Kisha akafunga daftari.

"Basi ya kwako ibaki, shemeji."

"Lakini Fidencio, hizo nyingine..."

"Nimesema ya kwako ibaki. Twende, dereva!"

Lori likaondoka na kahawa ya wengine wote. Hakuna aliyeaga. Nicolasa alimkazia Pascuala macho, hakupepesa, mpaka lori lilipopotea kwenye kona.

Eulalia alikusanya maharage yake polepole. Hakugomba, na hilo ndilo lililomtisha Pascuala zaidi.

"Umewaumbua mbele ya mkaguzi," alisema mkwewe. "Kuanzia leo, usiende mtoni peke yako."