Bibi Mwenye Pini Mdomoni

Mtu humwelezaje bibi yake kwamba mji mzima unamcheka, na kwamba aliyetoa picha ni mjukuu wake mwenyewe? Msichana alilizungusha swali hilo kichwani njia nzima kutoka chuoni hadi mlangoni pa duka la bibi la ushonaji.

Picha yenyewe aliipiga kwa mapenzi: bibi amepiga magoti, pini zimejaa mdomoni, anamkazia macho mteja aliyevuta tumbo ndani ili kiuno kisome kidogo kwenye tepu. Aliituma kwenye kundi la familia tu. Mjomba, asiyeona jambo akaacha kulitia chumvi, akaigeuza stika na kuiandika "Nimekasirika mno". Kufumba na kufumbua, ikaenea kama moshi. Vijana waliwatumia wapenzi waliochelewa kujibu. Karani mmoja alimtumia bosi wake kwa bahati mbaya.

Ndani alimkuta mama yake, uso umemwiva kwa hasira. Kwake yeye mzazi hafanywi katuni, na kizazi hiki hakina haya wala soni. Alitaka picha ifutwe kabla jua halijazama. Msichana alijaribu kueleza kwamba kwa wenzake kucheka na kuheshimu havigombani. Aliogopa jambo moja: bibi asije akaacha kumwamini, asimruhusu tena kukaa dukani mle alimokulia.

Bibi, aliyewasikia akiwa kazini kando yao, alizitema pini kiganjani, akaomba simu, akaisogeza mbali na macho. Akatazama weee. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka hata akaushika ukingo wa meza.

"Uongo mtupu," alisema, akijipangusa machozi. "Hapa sikukasirika hata kidogo. Mwenye pini mdomoni husema kwa macho, nami nilikuwa namwambia: baba, liachie tumbo, suruali haitakutunzia siri."

"Mama, watu wanakucheka," alisema binti yake.

"Basi wanicheke kwa maneno yangu, si ya huyo kaka yako. Tangu utotoni hajui kutunga."

Mama alibana midomo; kicheko kikamponyoka puani.

Bibi akamrudishia mjukuu simu na kuwatazama wote wawili.

"Sikilizeni. Picha haifutwi. Hayo maandishi yaondolewe, na kuanzia leo maneno ya stika zangu nitayatunga mimi mwenyewe."