Nitafutie Mahali, Nihame

Persis hakuvipenda vitabu vya Rukia Mwandaro hivi hivi tu. Vilimtia wazimu kidogo, na tuseme ukweli. Cha kwanza alikinunua kwa muuza mitumba wa Kisii mjini, siku aliyompeleka mwanawe Mose kutafutiwa shule Nyanchwa, akakisoma kwenye foleni mpaka jina la mtoto likaitwa mara tatu hajasikia. Leo anavyo vyote saba, na kurasa nyingine ameshazikariri. Huku Itumbe akichuma chai, mikono inachuma na mdomo unasema maneno ya Rukia.

Aliyasema kwa sauti makusudi, anyooshe ulimi. Sisi Wakisii herufi l hatukuzaliwa nayo. Wengine wanalala, sisi tunarara, na wageni wanashika mbavu. Lakini Persis ndiye aliyewatafsiria wazee mahubiri kanisani kila mhubiri wa Kiswahili alipokuja, mwaka wa tisa sasa, na kazi hiyo aliipenda kuliko kitu chochote alichowahi kupewa na watu.

Basi siku moja wifi yake Emily, dada ya mumewe, alikuwa migombani ng'ambo ya ua, akamsikia akisema, "Nimechoka na mume huyu. Nitafutie mahali, nihame."

Mahali, jamani. Lakini sikio la Emily likasikia mahari. Kufika jioni, Persis alikuwa na mwanamume kwenye simu, na huyo mwanamume alikuwa ameshaahidi ng'ombe sita. Mumewe, Ombati, aliambiwa njiani na watu wasiomhusu. Siku mbili hakugusa chakula chake, wala hakumuuliza mkewe neno, na kunyamaza huko ndiko kulikomuudhi Persis kuliko uvumi wenyewe.

Jumapili akaitwa mbele ya baraza la kanisa. Ombati naye alikuwepo, maana ni shemasi, amekaa mwisho wa benchi akitazama viatu vyake.

"Dada Persis," Mzee wa kanisa Anyona akaanza, "huyo mwanamume ni nani?"

"Yupi, mzee?"

"Anayekutafutia mahari."

Persis akacheka, akashindwa kujizuia. Angeweza kusema alikuwa anafanya mazoezi ya somo la Sabato, na yote yangeishia hapo. Hakusema. Alitoa kitabu mkobani, akafungua ukurasa, akamsomea Emily, aliyeletwa kama shahidi, mstari wenyewe.

"Mahali, wifi. Huyu mama wa kwenye hadithi anatafuta chumba cha kupanga. Hakuna ng'ombe hapa."

Mtu mmoja akakohoa kuficha kicheko. Lakini Mzee Anyona alikichukua kitabu, akafunua hapa na pale, uso ukamkunjamana.

"Kumbe ni hadithi za mapenzi. Na mikono hii hii inashika kipaza sauti cha madhabahuni. Utavichoma vyote, dada, na Sabato utasimama uombe msamaha. Hutaki, tutatafuta mtafsiri mwingine."

Persis akahisi machozi yanamlenga, akayakataa. "Kiswahili ninachowatafsiria nacho nimekipata humu, mzee. Na humu ndimo nilimojua kwamba mwanamke akichoka anaruhusiwa kusema amechoka. Nirudishie kitabu changu."

"Nakupa mpaka Sabato ufikirie."

"Nitafikiria nikiwa nacho," akasema, akanyoosha mkono mpaka akarudishiwa.

Wiki nzima Itumbe ilingoja kumwona akilia. Wengine walisema atavichoma, nani aache heshima kama ile kwa sababu ya karatasi? Na kweli, usiku wa Alhamisi alilia, kwa sababu kazi ile alikuwa anaitaka bado, wala hakuona aibu kuitaka.

Sabato ikafika, kanisa likajaa hadi mlangoni. Persis akaitwa. Akashika kipaza sauti.

"Sabato njema. Nimeambiwa niombe msamaha. Nina dhambi zangu, na Mungu anazijua, tunazungumza naye. Kusoma si mojawapo. Vitabu sijavichoma na sitavichoma. Mtafsiri mpya na aje, namtakia kheri."

Akakiweka kipaza sauti juu ya meza taratibu, kisichomoke waya, akashuka. Hakuna aliyempisha. Akapita mabenchi yote mpaka la nyuma kabisa, akakaa peke yake.

Wimbo ukaanzishwa haraka haraka. Katikati ya ubeti wa pili Ombati akainuka kwenye benchi la mashemasi. Kanisa zima likamwona akivaa koti lake na kutembea hadi nyuma, akaketi kando ya mkewe.

"Mama Mose," akanong'ona, "yule mama wa kwenye kitabu. Alipohama, bwana yake alimfuata?"

"Hakumfuata," Persis akasema, wala hakushusha sauti. "Alikuwa mjinga."