Mwalimu Asiyejibu

"Ni yeye!" mzee Micah alisema, akijaribu kuinuka kitandani. "Chepkemboi, hiyo ni sauti yenyewe!"

Makhanu, aliyekuwa ametoka kupiga hodi, alisimama mlangoni mwa wodi na mfuko wa machungwa. Miaka ishirini alikuwa amefundisha falsafa chuo kikuu hapa Nakuru, mbele ya wanafunzi waliosinzia. Kisha redio ikampa nusu saa kila Jumamosi, na sasa hata wakamuaji ng'ombe wa kule milimani Olenguruone walibishana juu ya haki na nafsi. Siri ya kipindi ilikuwa moja: Makhanu hakujibu swali. Ukimuuliza, alikurudishia jingine. Watu walimpenda kwa hilo, naye, tusimfiche, alijipenda kuwazidi.

Jumamosi iliyopita mzee huyu alikuwa amepiga simu kipindini. Daktari anataka kuukata mguu uliooza kwa sukari, je, akubali? Bila hata kufikiri, Makhanu alimrudishia: "Mguu ukienda, mzee, anayebaki ni nani?" Studio ikapiga makofi. Tangu siku hiyo mzee alikataa katakata kutia kidole kwenye fomu ya upasuaji.

"Daktari amesema mwisho ni leo saa tisa," alinong'ona Chepkemboi, bintiye, macho mekundu. "Sumu imepanda mpaka kwa goti. Mwalimu, ni wewe ulimwambia. Sasa mwambie akubali."

Saa ya ukutani ilikuwa nane na nusu. Harufu ya kidonda iliishinda ile ya dawa ya kupigia sakafu deki. Makhanu aliogopa, akaogopa sana. Hakuwahi kudhani kwamba sentensi yake ingeweza kumtoa mtu roho.

"Mzee, kubali wakate," alisema.

Mzee Micah alicheka mpaka akakohoa. "Unanipima! Miaka tatu nakusikiza nikikamua, hujawahi kujibu mtu."

"Leo najibu. Wakate."

"Ai! Hiyo ni mtihani. Nikisema ndiyo, utaniuliza kwa nini."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Makhanu alimweleza thamani ya uhai kwa ufasaha wake wote, na mzee akawa anatikisa kichwa kwa raha, kana kwamba kipindi kiko hewani. Zikabaki dakika kumi na tano. Chepkemboi akaanza kulia.

Makhanu aliuacha ufasaha. Alikaa ukingoni mwa kitanda, machungwa yakabingirika chini.

"Naogopa, mzee," alisema. "Lile swali nililirusha nipigiwe makofi. Sikukufikiria hata kidogo. Ukifa, sijui nitafungua vipi mdomo tena."

Kicheko kilitoweka usoni mwa mzee. Alimtazama mgeni wake vile mfugaji anavyomtazama ng'ombe aliyekataa majani.

"Hata mimi naogopa," alisema hatimaye. "Wakishakata, huo mguu unaenda wapi? Nasikia wanachoma na takataka. Sasa mimi nizikwe nusu?"

Makhanu alifungua mdomo. Swali la kurudisha lilikuwa tayari ulimini, tamu, la kufaa redio. Akalimeza.

"Nitauomba," alisema. "Nitaupeleka Olenguruone mimi mwenyewe, uzikwe kwako, kando ya boma la ng'ombe."

Mzee alilivuta blanketi jekundu lililomfunika, lake la kutoka nyumbani, akampa. "Uufunge mguu na hii, usiufunge na karatasi." Kisha akamnyooshea binti yake kidole gumba, akipake wino.

Saa kumi na moja jioni Makhanu alikuwa bado kwenye benchi la korido, blanketi limekunjwa mapajani.

"Atatoka mzima?" Chepkemboi aliuliza.

"Sijui," alijibu, na mara hii hakumrudishia swali.

Mlango wa chumba cha upasuaji ulifunguka. Muuguzi aliyeombwa ule mguu alitoka mikono mitupu, akatazama huku na huku.

"Watu wa Micah ni akina nani?"

Makhanu aliinuka haraka. Blanketi likamponyoka, likakunjuka hadi sakafuni, refu la kumtosha mtu mzima, si mguu tu.