Swali la Kujisifu

Adero alipata alama tatu kati ya ishirini, na Nanyama, karani wa ajira katika kiwanda cha nguo mjini Eldoret, nusura aichane fomu yenyewe. Alama tatu! Mwanamke aliyeendesha mashine za kusokota nyuzi miaka tisa, ambaye zamu nzima ilimkimbilia uzi ukikatika! Kesho yake jioni Bwana Gathogo, meneja, angetia sahihi jina la msimamizi mpya, na kwa alama hizo Adero hakuwa na lake.

Fomu ilitoka Nairobi mwaka huo wa 1984, imetungwa na mtu asiyewajua watu. "Mimi ni kiongozi bora kuliko wenzangu." Adero aliandika hapana. "Watu hunitegemea." Hapana. Aliyeandika ndiyo kila mahali ni Wanyama, mwenye miezi miwili kazini na mdomo wa miaka ishirini.

Wakati wa chai Nanyama akamfuata Adero.

"Mama, mbona umejikataa hivi?"

"Sasa nijisifu mwenyewe, tena kwa karatasi? Hiyo ni maneno ya watu wengine kusema."

Nanyama akacheka, kisha akaona haya, maana angeulizwa yeye angejibu vivyo hivyo. Akarudi ofisini, akapiga taipu maswali mapya: si mtu anajionaje, bali hufanya nini. Asubuhi akampelekea Gathogo.

"Unataka kumsaidia huyu mama?"

"Hapana, Bwana. Nataka tuwaulize kitu wanaweza kujibu. Wote, hata Wanyama."

Gathogo aliguna, akakubali.

Swali la kwanza liliuliza: "Kukiwa na matanga kwa jirani, wewe hupewa kazi gani?" Wanyama aliandika kwamba hupewa kiti. Adero aliandika mpaka akageuza karatasi: yeye ndiye huamua nani achote maji, nani asonge ugali, wageni walale wapi. Mtaani kwake, Langas, huitwa hata kabla ya mchungaji.

Gathogo alisoma majibu hayo mara mbili, akatia sahihi. Nanyama alitoka mle ofisini akiwa na furaha ya kupiga vigelegele.

Jumatatu Adero alisimama mbele ya zamu yake, na mtu akamuuliza kama kazi ataiweza.

"Sijui. Nitajaribu tu," akasema, na wakati huo alikuwa ameshampangia kila mtu mashine yake.