Sauti ya Kuazima

Asubuhi ukumbi wa sumo huwa karibu mtupu, ndiyo maana Bibi Fusae huja mapema: ukiliita jina la mwanamieleka wa daraja la chini, mwenyewe hulisikia. Leo mafua yalikuwa yamemkausha sauti, na Kurosaki, mwanamieleka wa kijijini kwake, alikwisha sema akishindwa tena anaacha mchezo.

"Niitie wewe," Bibi Fusae alimnong'oneza Mzee Tokuji, jirani yake wa viti.

"Mimi? Yule mpinzani wake ndiye mtu wangu, bibi wee!"

"Wako anashinda kila siku."

Tokuji alicheka, akavuta pumzi. "Kurosakiii!"

Mabega ya Kurosaki yakatulia. Akainama, akagusa udongo kwa ngumi, akamsukuma mpinzani mpaka nje ya duara, akashinda.

"Nimejiponza mwenyewe," alinung'unika Tokuji, huku akipiga makofi.