Uji wa Kuulizwa

Mgonjwa huulizwa uji. Wahenga walisema haulizwi, lakini wahenga hawakufungwa kamba mguuni wakalishwa na shemeji. Kadii, mama yake Kache, alifungwa. Ndiyo maana alipoanzisha kikundi cha wagonjwa wa akili pale Gede, sharti aliloweka lilikuwa moja: kila anayeingia aulizwe kwanza, wa sukari au wa chumvi?

Walikutana kila Jumatano kwenye stoo nyuma ya kanisa, wao kwa wao, bila daktari wala mchungaji. Uji ulikuwa wa mahindi ya njano, maana mwaka ule ndiyo yaliyopatikana, na wenye akili timamu waliyatukana kutwa. Wao waliunywa. Mmoja akisema zile sauti zimemrudia, mwenzake humwambia, hata zangu jana hazikulala, zimenitukana mimi na ukoo wangu. Hucheka. Kisha hunyamaza pamoja, na huko kunyamaza kulikuwa nusu ya dawa.

Tsuma alipoletwa mara ya kwanza, alama ya kamba ilikuwa bado mbichi kwenye kifundo cha mguu. Jedida, muuza maharagwe, alimuuliza lile swali, naye akalia hadi uji ukapoa. Wakaupasha, wakamuuliza tena. Siku nyingi zilipita kabla hajajibu, kwa sauti ndogo, kwamba yeye hupenda wa chumvi.

Kaka yake, Katana, ndiye mzee wa kanisa aliyewapa ile stoo. Hakuwa mtu mbaya. Tsuma aliwahi kuchoma uchaga pamoja na mahindi yote ya mwaka, na Katana akailisha nyumba nzima kwa vibarua. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hushika kamba, kwa kuwa kamba hailali.

Jumatano iliyopita Katana alikuja mapema. Kwao kulikuwa na matanga, wageni walikuwa njiani, na alitaka Tsuma afungwe hadi waondoke. Kadii alikuwa ameshika mwiko, na mdomo wake ukatenda ulichozoea kutenda.

"Tsuma, wataka kwenda au kukaa?"

Uani kulikuwa na akina mama waliokuja kufagia kanisa. Fagio zilisimama. Kumuuliza mdogo mbele ya kaka yake ni kumvua kaka nguo.

"Kukaa," akasema Tsuma.

Katana aliondoka peke yake. Usiku huo Tsuma alilala barazani kwa Jedida bila kamba, na hakuna kilichoungua.

Sasa Katana alikuwa amerudi, amesimama mlangoni na kofia mkononi. Alisema anachotaka bila kupandisha sauti: Jumapili Kadii asimame mbele ya waumini, aombe radhi. La sivyo, stoo ifungwe.

Habari hiyo ilikuwa imewafikia kabla yake, na Jedida alikuwa amekwisha kumsihi Kadii aseme tu, maneno hayauzwi kwa kilo, na masika yakija wataketi wapi? Kadii alikuwa amekubali. Hakuwa na nguvu za kubishana. Dawa ilimkausha ulimi, ikamtetemesha mikono, ikamtia miguuni uzito wa mtu atembeaye matopeni. Maneno ya radhi alikuwa nayo tayari.

"Nami sikulaumu sana," Katana akaongeza, akitaka kumrahisishia. "Ni kutojua. Lakini mwendawazimu haulizwi, Mama Kache."

Tsuma alikuwa pale pale, kikombe mikononi. Hakuinua macho. Alikiweka chini kikombe, taratibu, uji haujafika nusu, akanyoosha mguu mmoja mbele. Ule wenye alama.

Kadii aliutazama ule mguu.

"Mzee Katana," akasema, "wa sukari au wa chumvi?"

"Sikuja kunywa uji."

"Basi hata wewe umeulizwa, ukakataa, na hakuna aliyekufunga."

Jedida aliinamisha kichwa. Kadii alifungua fundo kwenye pindo la leso, akatoa ufunguo wa stoo, akautia kiganjani mwa Katana. Akainama, akashika sufuria sikio moja, akamwashiria Tsuma ashike la pili.

"Tutakunywa juani," akasema. "Nilimuuliza, na Jumatano ijayo nitamuuliza tena. Radhi siombi."