Mlango wa Mzee Kuruvila

Watu wa Carrollton, Texas, waliomjua Sandrine walijua kwamba hana sauti. Si kwamba alikuwa bubu. Sauti aliyokuwa nayo ilikuwa ya kuzungumza na sufuria. Kwa hiyo aliposema amekubali kusimama jukwaani huko Houston, mbele ya ukumbi mzima wa Wahindi wa Kerala, Everline alicheka mpaka akatafuta kiti.

Everline alikuwa nesi Mkenya, na ndiye aliyemtafutia kazi ya kumtunza mzee mmoja.

"Wewe?" akamwuliza. "Sandrine, wewe hata pale dirishani pa chipsi unanong'ona mpaka wanakupa oda ya mtu mwingine. Sasa utashika mic?"

"Babu ameniomba."

"Na Babu akikuomba u-drive ndege?"

"Atanifundisha kwanza," Sandrine akasema, na Everline akacheka upya.

Babu huyo alikuwa Mzee Kuruvila, baba yake Annamma, nesi mwenzake Everline. Annamma akiwa hospitali, Sandrine ndiye aliyemwogesha mzee, akamnyoa ndevu, akampikia uji wa mchele na kumtembeza polepole hadi kona ya mtaa na kurudi. Yeye alimwita Babu. Mzee alichekeshwa na jina hilo, maana kule Bombay babu ni karani wa ofisini. Naye alimwita Sandrine mole, ndiyo kusema binti kwa lugha ya kwao.

Asubuhi za kunyoa ndizo zilizokuwa za hadithi, kwa Kiingereza cha polepole cha wote wawili. Mzee Kuruvila alikuwa mwongozaji wa sinema. Alitoroka kwao Kerala akiwa kijana, bila kuaga, akaenda Madras ambako studio za sinema zilikuwa. Walimpa ufagio. Alifagia vipande vya filamu vilivyokatwa na kutupwa sakafuni, na jioni aliviokota akaviangalia kwenye taa, mpaka akaelewa kwa nini kila kimoja kilitupwa. Hivyo ndivyo alivyojifunza kazi. Baadaye alitengeneza sinema za Kimalayalam, lugha ya kwao, sinema ndogo za watu wa kawaida, mojawapo ya mwalimu mjane ambayo ilimpa sifa nchi nzima. Ndipo matajiri wa Bombay wakamwita atengeneze za Kihindi. Alitengeneza tatu. Mbili zilijaza kumbi.

"Na ya tatu?" Sandrine alimwuliza siku moja, wembe mkononi.

Ya tatu, mzee alisema, ilikuwa ya kijana aliyemwacha mama yake akaenda mjini, kisha akarudi siku ya mvua, ameshika mwavuli mwekundu, akabisha hodi. Wembe ukasimama shavuni.

"Mwavuli mwekundu, Babu? Na kwenye kilima kuna ng'ombe mweupe?"

Sandrine aliijua sinema hiyo kuliko alivyojua kusoma. Alikulia kambini Nyarugusu, huko Tanzania, yeye na Wakongo wenzake waliokimbia vita, kabla ya kuletwa Marekani. Kambini palikuwa na kibanda cha video cha mtu aliyeitwa Godefroid. Godefroid hakuwa anaonyesha tu. Alikaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti, akizieleza sinema za Kihindi kwa Kiswahili zikiwa zinakwenda, akisema maneno ya mama, ya polisi, ya mchumba, hata ya mbwa. Alidai Kihindi alifundishwa na Mhindi mwenye duka la vitambaa Bujumbura, na hakuna aliyemwuliza zaidi. Sinema iliyopendwa kuliko zote waliiita Sinema ya Mama. Watoto wa kambi walicheza wakigombania nani awe na mwavuli.

Mzee aliposikia kwamba sinema yake ilifika kambi ya wakimbizi Afrika, alishika mkono wa Sandrine, hakuuachia mpaka povu la sabuni likakauka kidevuni. Tangu hapo kila mgeni aliyefika nyumbani aliambiwa. Kila mara Sandrine akisimulia na kufika kwenye mwavuli, mzee alimkatiza kwa furaha, akamgeukia mgeni. Kwa hiyo mwisho wa sinema haukutajwa kamwe. Kila mmoja alijua kwamba mwenzake anaujua.

Mara moja tu mzee alisema, "Sinema hiyo ndiyo iliyonimaliza." Sandrine aliyachukua kama maneno ya mama aliyezaa kitinda mimba akasema huyu ndiye aliyenimaliza. Hakuuliza.

Kisha Wamalayali, watu wa Kerala walioko Houston, wakaandaa siku ya kumheshimu. Mzee alisema wasomi watakuwepo na watasema yao, lakini yeye anataka mole aseme jinsi sinema yake ilivyopokelewa. Alikuwa mzee sana, moyo wake mgonjwa, na Annamma alimwambia Sandrine wazi kwamba heshima nyingine kama hii huenda asiione.

Walisafiri Jumamosi alfajiri, wakafika Stafford, upande wa pili wa Houston, kabla ya chakula cha mchana. Ukumbi ulijaa. Akina mama walivaa sari nyeupe zenye ukingo wa dhahabu. Walimvika mzee shali mabegani, wakamketisha mbele. Sandrine alipoitwa, miguu ilimpeleka yenyewe. Alikuwa amefanya mazoezi na Everline kwa Kiingereza chake cha darasa la wageni, na mwanzo ulimtoka vizuri. Aliwaambia kuhusu kibanda, kuhusu watoto na mwavuli. Watu walitabasamu. Aliona mzee amefunga mikono kama mtu aliye kanisani, na hilo likampa nguvu.

"Kambini kwetu," akasema, "kila mtu alikuwa na mlango aliouacha nyuma. Yule mama alipofungua, akamvua mwanawe viatu vilivyolowa, akamwambia, 'Mwanangu, nyumba haikuhama,' tulilia sote. Babu, asante kwa kuufungua ule mlango."

Alingoja makofi. Hayakuja. Msichana mmoja alijiziba mdomo kwa shali kuficha kicheko. Wazee wakatazamana. Mwenyekiti wa chama, mtu mpole aliyestaafu uhandisi, akasogea kwenye kipaza sauti, akasema kwa upole kwamba labda dada anachanganya na sinema nyingine, si ajabu, sinema za Kihindi ni nyingi.

Hapo angenyamaza. Maisha yake yote alikuwa amenyamaza pasipostahili, na siku hiyo moja akasema pasipostahili.

"Hapana," akasema. "Ni hii. Niliiona kwa macho yangu, mara nyingi."

Mwenyekiti akainamisha kichwa. Ratiba ilikuwa imeshapangwa, kwamba baada ya maneno ya mgeni sehemu ya mwisho ya sinema ionyeshwe. Taa zikapunguzwa kabla Sandrine hajafika kwenye kiti chake.

Mvua. Kilima, ng'ombe mweupe. Mwavuli mwekundu unapanda taratibu. Kijana anabisha. Ndani, mama amesikia. Anainuka, anafika mlangoni, anaweka kiganja juu ya mbao. Sandrine alijikuta anatikisa kichwa kumhimiza. Mama akauondoa mkono. Akarudi akaketi, akapakata ungo, akaendelea kuchagua mawe kwenye mchele, huku hodi zikipigwa na kupigwa. Kisha zikakoma. Mwavuli ukateremka kilima peke yake, ukawa mdogo, ukaisha.

Ukumbi mzima ukasimama kumpigia mzee makofi. Sandrine hakuweza kusimama. Alitaka sakafu impokee.

Ndipo mwenyekiti akasoma habari za maisha ya Mzee Kuruvila. Matajiri wa Bombay walimsihi aufungue ule mlango. Walimletea pesa za kupiga picha upya, na wimbo wa nyongeza juu yake. Alikataa. Sinema ikaanguka, watu wakarusha viti, na tangu siku hiyo hakuna aliyempa sinema nyingine ya Kihindi. Alirudi Kerala mikono mitupu. "Tunamheshimu leo," mwenyekiti alisema, "mtu aliyepoteza kila kitu kwa sababu ya mlango mmoja uliobaki umefungwa."

Kila neno lilimpiga Sandrine usoni. Alikuwa amesimama mbele ya watu wa mzee, akamshukuru kwa kitu ambacho alikataa kukifanya hata kwa gharama ya kazi yake yote.

Kwenye chakula, akina mama walimjazia jani la mgomba wali na samaki, wakamwita dada, wakamwambia asijali. Wema wao ulimchoma kuliko kicheko. Annamma alipita karibu, akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Ungeniuliza, Sandrine. Siku moja tu ungeniuliza." Mzee alikuwa amezungukwa na watu wa kupiga naye picha. Hakumtazama.

Walianza safari ya kurudi, Annamma kwenye usukani. Jua la Texas lilikuwa bado kali. Sandrine, aliyekaa nyuma pamoja na mzee kama kawaida ili amshike kwenye kona, alijibana mlangoni. Alikuwa ameamua kwamba Jumatatu atamwomba Everline amtafutie kazi nyingine, hata ya kufagia, mradi asimnyoe tena mtu huyu.

Katikati ya njia Annamma alisimama kwenye kituo cha mafuta, kile kikubwa chenye duka kama soko, akaenda kununua maji. Walibaki wawili.

"Nisamehe, Babu," Sandrine akasema. "Nimekuaibisha mbele ya watu wako."

Mzee alikuwa anatazama pampu za mafuta. "Nani aliyekuambia kwamba mlango ulifunguliwa?"

"Godefroid. Yule wa kipaza sauti."

"Lakini ulisema uliona."

Alifungua kinywa aseme ndiyo. Ikamjia wakati huohuo, kama mtu anayekumbuka jina la mtu aliyekufa zamani. Hakuwahi kuona. Mama alipoinuka tu kwenda mlangoni, jenereta ilizima. Kila mara ilizima hapohapo, na kila mara Godefroid alilalamika kwamba mafuta yameisha, akamalizia kwa mdomo gizani. Mlango, viatu vilivyolowa, maneno ya mama, vyote vilitoka kinywani mwa Godefroid. Na watu mia waliona.

Alimwambia mzee hivyo, akitazama magoti yake.

"Alizima," mzee akasema. "Sinema yangu. Alizima kwa makusudi."

"Naona hivyo, Babu. Mule ndani kila mtu alikuwa na mama aliyemwacha. Wengine hata hawakuwazika."

Mzee alivuta pumzi kwa shida. Alikuwa na hasira. Sandrine aliijua ile mishipa ya shingoni, maana ndiyo aliyoipitia na wembe kila asubuhi. "Matajiri wa Bombay walinipigia magoti," akasema. "Nikawaambia mlango ule siwezi kuufungua, maana niliubisha mimi mwenyewe. Nilirudi kutoka Madras na mwavuli wa kuazima. Mama yangu alikuwa ndani, namsikia anachagua mchele. Ningewadanganya watu kwa lipi?"

Sandrine akamfungulia dirisha kidogo apate hewa.

Watu walipita na magunia ya barafu. Mzee akawafuata kwa macho, kisha akauliza, "Alisemaje yule mama wa kwenu? Lile neno."

"Ulilisikia ukumbini, Babu."

"Ukumbini nilisikia makosa. Sema."

Alijaribu. Akaishia kwenye neno la kwanza. Jua lilikuwa linamwangaza usoni, mzee anamkodolea macho, na aibu ya ukumbi mzima ikamrudia. "Siwezi," akasema. "Godefroid alikuwa na giza."

Mzee akamtazama. Kisha akaegemeza kichwa kwenye kiti, akafumba macho.

"Basi. Mimi sioni. Sema yote."

Akasema. Alianzia kwenye kiganja juu ya mbao, na komeo, na mlango unavyokwaruza sakafu kwa sababu mbao zimevimba kwa mvua. Akamwinamisha mama, akamvua mwana kiatu cha kwanza, kisha cha pili. Akasema mwanangu, nyumba haikuhama. Alisema kwa ile sauti yake ya sufuria, na alipomaliza mzee hakufumbua macho. Mkono wake tu ulikuwa umeshika shali ya heshima, ukiikunja, ukiikunjua na kuikunja tena.

Hakusema asante. Hakusema amesamehe.

Annamma alirudi na chupa za maji, akafungua mlango wa mbele, akamtazama baba yake kwenye kioo.

"Amelala?" akauliza.

"Amelala," Sandrine akasema. Ulikuwa uongo wake wa pili siku hiyo, na huu aliusema akijua.